Tiba ya Mbali na Ugonjwa wa Kisukari Chini ya Mlima Meru

Ili kuelewa kwa nini mgonjwa wa kisukari wa Ngarenanyuki hupata huduma tofauti na mwenzake wa Usa River, ni vyema kuanza na mlima wenyewe. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mvua nyingi huishia upande wa kusini. Huko ndiko kuliko na migomba, kahawa, mito inayotiririka mwaka mzima na watu waliobanana, na huko ndiko mji wa Arusha ulikokulia. Upande wa kaskazini ni mkavu, vijiji vyake vimetawanyika, na anayetaka kufika kwenye hospitali kubwa hana budi kuuzunguka mlima. Kwenye ramani umbali huo ni mdogo. Kwa mama wa miaka sitini mwenye ganzi ya miguu ni safari ya siku nzima, na nauli yake ni ya kutafutwa.

Mpangilio huu ulianza zamani. Wajerumani walijenga boma lao Arusha kati ya 1899 na 1900, na mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig wakaweka kituo Nkoaranga, kwenye miteremko ya kijani ya kusini. Baadaye yakaja mashamba ya walowezi, kisha kahawa ya Wameru wenyewe, halafu barabara ya kuisafirisha hadi Moshi. Hospitali zilifuata njia hiyohiyo. Hadi leo, anayesafiri kutoka Moshi kwenda Arusha hupita karibu na nyingi kati ya hospitali za eneo hili, na akifika mjini atazikuta Mount Meru, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kituo cha tiba cha Kilutheri cha ALMC. Hospitali ya Selian iko mbele kidogo, Ngaramtoni. KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, mwendo wa kilomita 80 hivi.

Wazo la kumfikishia mgonjwa utaalamu badala ya kumfikisha mgonjwa kwa mtaalamu halikuletwa na simu za mkononi. Nchini Australia, mhubiri John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege mwaka 1928, na mwaka uliofuata fundi Alfred Traeger akatengeneza redio iliyopata umeme kwa kukanyagwa pedali kama baiskeli. Afrika Mashariki, wazo kama hilo lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1956, katika mazungumzo ya madaktari watatu wa upasuaji: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika ambalo leo linajulikana kama Amref. Ndege zake ziliruka kutoka Nairobi, na katika miaka ya 1960 zikaungwa mkono na mtandao wa redio uliozifikia hospitali za misheni katika nchi zetu. Daktari aliyekuwa peke yake porini aliweza sasa kueleza dalili hewani, kuuliza dozi, kuomba ndege na kusikiliza jibu katikati ya mikwaruzo ya mawimbi. Hiyo ilikuwa tiba ya mbali kabla haijapewa jina.

Redio hiyo ilifaa sana kwa jambo la dharura. Mtu amevunjika paja, mama ameshindwa kujifungua, mtoto ameumwa na nyoka: swali ni moja, jibu ni moja, na mara nyingi kesi huisha siku hiyohiyo kwa heri au kwa shari. Ugonjwa wa kisukari hauendi hivyo. Kongosho likishindwa kutoa insulini, au mwili ukishindwa kuitumia, sukari hubaki katika damu na kuharibu polepole macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu. Mgonjwa anaweza kukaa miaka kadhaa bila kujua. Akishajulikana, huhitaji vipimo, dawa na ushauri kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Tofauti hii kati ya dharura na ugonjwa sugu ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, idadi ya madaktari wazawa inayotajwa mara nyingi ni 12. Mwaka 1964 mtaalamu wa sera za jamii wa Uingereza, Richard Titmuss, na wenzake walitoa taarifa kuhusu huduma za afya za nchi, kwa udhamini wa shirika lilelile la akina Wood, wakapendekeza mkazo uwekwe kwenye vituo vya afya vijijini. Azimio la Arusha la Februari 1967 likaupa mwelekeo huo nguvu ya kisiasa. Katika miaka ya 1970 zahanati zilijengwa kwa wingi, na matabibu na waganga wasaidizi wa vijijini wakafundishwa ili kuziendesha. Ngazi zikawa wazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya rufaa.

Mafanikio ya mpango huo hayana ubishi, lakini tuangalie zahanati ile ilijengewa kazi gani. Ilikusudiwa kutibu malaria, kuhara, vichomi na vidonda, kuzalisha, kuchanja na kupima uzito wa watoto. Mgonjwa alikuja, akapata dawa ya siku chache, akapona. Hakuna aliyetarajia kwamba angerudi kila mwezi kwa miaka thelathini, na kwa hiyo hapakuwa na rejesta ya wagonjwa wa namna hiyo, wala mashine ya kuwapima, wala dawa zao kwenye kabati.

Wapangaji hawakuwa wazembe. Insulini ilikuwepo tangu Januari 1922, kijana Leonard Thompson alipochomwa sindano ya kwanza mjini Toronto, lakini wakati wa ukoloni madaktari wengi waliamini kwamba kisukari ni ugonjwa adimu kwa Waafrika. Imani hiyo haikupimwa ipasavyo Tanzania hadi miaka ya 1980. Kati ya 1981 na 1987, madaktari Donald McLarty, Andrew Swai na wenzao wa hospitali ya Muhimbili waliwaandikisha wagonjwa wapya 1,250 jijini Dar es Salaam na kuwafuatilia. Kisha wakaenda vijijini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1989 katika jarida la Lancet, yalitokana na vijiji sita na zaidi ya watu 6,000 wa miaka 15 na kuendelea. Wenye kisukari walikuwa chini kidogo ya asilimia 1. Wakati huohuo Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimekwisha kuundwa, lakini kwa wizara yenye bajeti finyu asilimia 1 haikuwa kengele ya hatari.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulitoa picha nyingine: asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Je, ugonjwa uliongezeka mara kumi ndani ya robo karne? Wapo wanaosema hivyo, na wana hoja. Mwaka 1967 Arusha ulikuwa mji wa watu 32,000 hivi; sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 600,000. Waliokuwa wakitembea kwenda shambani sasa hupanda bodaboda kwenda dukani, na soda, chipsi na mafuta ya kupikia vimefika hadi Oldonyo Sambu. Wapo pia wanaosema tofauti hiyo ni ya vipimo. Watafiti wa 1989 walimpa mtu maji ya glukosi na kumpima tena baada ya saa mbili, wakawajumuisha vijana wadogo, na wakabaki vijijini. Wale wa 2012 walipima tone la damu ya kidole asubuhi, kwa watu wazima, mjini na vijijini. Nionavyo mimi, kila upande una sehemu ya ukweli, na anayelinganisha namba hizo mbili bila kueleza njia za upimaji anampotosha msomaji. Utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2016 uliweka kiwango kwenye asilimia 5.7, katikati ya hizo mbili. Kwa vyovyote vile, kisukari hakikuwa tena adimu.

Sasa fikiria kliniki ilivyokuwa, na mahali pengi ilivyo bado. Kipimo cha asubuhi hutaka mtu asiwe amekula. Mgonjwa wa King'ori au Leguruki huamka saa kumi usiku, hupanda Noah au daladala akiwa na njaa, hufika hospitalini na daftari lake la shule lenye maandishi ya madaktari watano tofauti, na kukaa kwenye foleni. Pengine kidole chake kitachomwa saa tano. Kama jana yake alimeza vidonge vinavyoshusha sukari, yuko hatarini kutetemeka, kutoka jasho na hata kuzirai kwenye benchi. Na namba atakayoandikiwa itakuwa ya saa ile tu. Haisemi lolote kuhusu siku nyingine ishirini na tisa za mwezi. Kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu kipo, lakini huhitaji mashine ambayo zahanati haina. Akirudi nyumbani ametumia nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya kazi imepotea. Mwezi unaofuata huenda asije.

Hapa ndipo mtu angetegemea tiba ya mbali iingie, na kwa kweli teknolojia ilikuwa imeanza kuingia. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilianza huduma nchini mwaka 1994. Katika miaka ya 2000 hospitali za misheni, zikiwemo za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri ambalo makao yake makuu yako Arusha mjini, zilianza kutuma picha na maelezo ya wagonjwa kwa wataalamu wa mbali kupitia mfumo wa iPath uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Daktari alipiga picha ya eksirei, ya kidonda au ya kipande cha nyama chini ya hadubini, akaiweka mtandaoni usiku intaneti ilipopata nguvu, na kusubiri. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na gharama zikaanza kushuka. Hata hivyo kisukari kilikuwa na nafasi ndogo katika mawasiliano hayo. Picha zilihusu kesi ngumu na za nadra. Mgonjwa wa kisukari hana kesi ya nadra, ana kesi ya kila siku.

Kwa nini basi tiba ya mbali ilichelewa kumfikia? Maelezo ya kwanza ni kwamba vifaa na mawasiliano havikutosha. La pili ni kwamba ugonjwa haukuonekana, kwa hiyo haukutengewa fedha. La tatu, ambalo nalipa uzito zaidi, ni kwamba mfumo wenyewe haukuwa na mahali pa kumweka mgonjwa asiyepona. Ushahidi ninaoutegemea unatoka kwenye ugonjwa mwingine. Tanzania ilianza mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mwaka 2004, wakati intaneti ya vijijini ilikuwa karibu haipo. Ndani ya miaka michache vituo vya huduma na matibabu, ambavyo watu huviita CTC, vilikuwa na rejesta, kadi, siku ya kliniki, dawa za uhakika na watu wa kumfuatilia nyumbani mgonjwa asiyefika. Yote hayo yalifanyika kwa karatasi na baiskeli. Fedha za nje zilisaidia sana, bila shaka, na hilo linayapa nguvu maelezo ya pili. Lakini mpango ule ulionyesha kwamba zahanati inaweza kumhudumia mgonjwa wa maisha. Miaka karibu ishirini baadaye, utafiti wa INTE-AFRICA katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, uliochapishwa mwaka 2023, ulijaribu kuwaweka wenye virusi, kisukari na shinikizo la damu katika kliniki moja. Wagonjwa wa kisukari na shinikizo waliendelea kuhudhuria kwa kiwango kizuri, na wale wa virusi hawakudhurika kwa kuchanganywa.

Mfano bora wa tiba ya mbali ya kisukari kaskazini mwa nchi ulianza mwaka 2010, na ulihusu macho. Sukari ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya retina huvuja, huziba, kisha huota mingine dhaifu ambayo hupasuka. Leza ikipigwa mapema inaweza kuuokoa uwezo wa kuona, lakini mgonjwa haumwi wala haoni tofauti hadi madhara yawe makubwa. Anayesubiri dalili huwa amechelewa. KCMC ikaamua kutomsubiri. Kamera ya kupigia picha retina ilipakiwa kwenye gari na kuzungushwa katika kliniki za kisukari za mkoa wa Kilimanjaro. Muuguzi hutia matone ya kupanua mboni, mgonjwa huegemeza kidevu na kutazama taa, mwanga humulika, na kwenye skrini hutokea duara la rangi ya chungwa lenye mishipa kama mizizi. Madoadoa mekundu ni damu. Ya njano ni mafuta yaliyovuja. Daktari wa macho hahitaji kuwepo. Picha husomwa baadaye na msomaji aliyefunzwa, naye ndiye husema nani aende Moshi na nani arudi mwakani. Katika miaka minne ya mwanzo zaidi ya watu 3,000 walipigwa picha, na zaidi ya robo yao walikuwa na madhara kwenye retina.

Mpango huo ulifanikiwa kwa sababu ulichagua sehemu ya kisukari inayosafiri vizuri: picha. Sehemu nyingine ni ngumu zaidi. Mguu, kwa mfano, hupimwa kwa kuguswa, kwa uzi mgumu wa nailoni unaobonyezwa kwenye wayo ili kujua kama mgonjwa anahisi. Ndiyo maana daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake, walipoanza mradi wao wa miguu Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000, hawakutegemea skrini. Waliwafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali za mbali kwa jozi, wakawapa vifaa, na kuwaita tena kuwapima walivyoendelea.

Simu ya kawaida iliingia kwa njia nyingine. Mwaka 2012 serikali na washirika wake walizindua Wazazi Nipendeni, ujumbe mfupi wa bure kwa wajawazito, na watu wengi wakajiandikisha. Senegal ilitumia njia hiyohiyo kwa kisukari kuanzia 2014, ikiwatumia wagonjwa ushauri wakati wa Ramadhani, mwezi ambao kufunga na kufuturu huyumbisha sukari. Ujumbe kama huo ni rahisi na hukumbusha. Udhaifu wake ni kwamba hausikilizi. Mkakati wa Tanzania wa afya ya kidijitali wa 2019 hadi 2024 ulikwenda mbali zaidi, na neno tiba mtandao likaanza kusikika bungeni na redioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikaweka mipaka ya nani aruhusiwe kuona nini, jambo lenye maana mahali ambapo tabibu na mgonjwa husali kanisa moja na simu ya zahanati ni simu ya tabibu mwenyewe.

Tuseme sasa zahanati moja ya upande wa kaskazini imepata mawasiliano. Tabibu ana mgonjwa mwenye sukari ya milimoli 17 kwa lita asubuhi, anayemeza metfomini, dawa ya kushusha sukari. Anampigia daktari wa Arusha. Daktari atauliza: anameza dozi gani, mara ngapi, amekonda, ana kiu, ana kidonda, anatapika? Mazungumzo ya dakika sita yanaweza kutosha kuamua kama dawa iongezwe au gari litafutwe leo hii. Kwa hilo tiba ya mbali inafaa kabisa, na inaokoa nauli. Lakini namba 17 imetoka wapi? Imetoka kwenye mashine yenye stripu, na kila stripu hutumika mara moja. Zikiisha, simu haina cha kusema. Dawa nayo lazima iwepo kabatini. Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, sera imeyataja magonjwa sugu miongoni mwa yanayosamehewa ada, lakini msamaha hauna maana dawa inapokosekana na mgonjwa akaelekezwa duka la dawa. Uchunguzi uliofanywa Kanda ya Ziwa na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta zahanati na vituo vya afya viko nyuma sana ya hospitali kwa vifaa, dawa na mafunzo ya kisukari.

Insulini ilikuwa na tatizo lake la ziada, ubaridi. Vitabu vilisema itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8, na kaya isiyo na friji ilionekana haistahili kupewa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha majaribio yaliyofuata joto halisi la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, ambalo hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa wiki nne insulini ilibaki na nguvu zake. Kwa mgonjwa wa Ngarenanyuki, ambako usiku ni baridi kuliko Dadaab, matokeo hayo yana faida kuliko programu nyingi za simu.

Hatua ya karibuni ni akili mnemba. Tatizo la picha za retina lilikuwa muda: mgonjwa hupigwa picha leo, jibu huja akiwa amekwisha kurudi kijijini, na wengi wa wanaoitwa hawaendi. Kompyuta inaweza kusoma picha papo hapo. Nchini Rwanda, daktari wa macho Wanjiku Mathenge na wenzake waliwagawa wagonjwa kwa kura, wengine wakapewa jibu la kompyuta hapohapo, wengine wakasubiri jibu la binadamu. Waliopewa jibu papo hapo walifika kwa daktari wa macho kwa asilimia 51.5, waliosubiri, asilimia 39.6. KCMC na washirika wake wameandaa jaribio kama hilo Kilimanjaro, na swali lake kuu ni hilohilo: je, mtu ataambiwa kisha ataenda?

Tofauti ile ya Rwanda ni ya kweli na ina thamani. Ila karibu nusu ya walioambiwa uso kwa uso, siku ileile, kwamba macho yao yako hatarini hawakwenda. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaajiri wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima. Kazi ya kumgongea mlango yule asiyekwenda, kumuuliza sababu, na kuona pamoja naye nauli ya Moshi itapatikana wapi, inawaangukia wao.